Kufuli Dogo Kwenye Picha za Familia

Mwaka 2017 mlezi wa kikundi chetu cha akina mama kanisani alifariki dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Jioni ile ile binti yake alitujia, khanga kichwani, akatuuliza, "Mama zangu, zile picha za mama za siku ya Pasaka mnazo? Nyumbani tuna ile ya kitambulisho tu." Tukamjibu bila wasiwasi kwamba zipo. Zilikuwa picha 42, nasi tulikuwa tumezifunga kwenye kamera ya kikundi, kila moja ikawekewa alama ya ufunguo ili mtu asije akazifuta kwa bahati mbaya.

Tulipoiwasha kamera hazikuwemo. Zilizokuwemo ni za ubatizo wa watoto wa mwezi uliotangulia.

Kijana anayetusaidia kupiga picha alieleza bila kuficha. Siku ya ubatizo kadi ya kamera ilikuwa imejaa. Alijaribu kufuta zote kwa pamoja, lakini zile zenye alama ya ufunguo zikabaki, na nafasi iliyopatikana ilikuwa ndogo. Ndipo akachagua neno "Format", akidhani kamera itasafisha kadi na kuziacha zilizofungwa, kama ilivyofanya mara ya kwanza. Hatukuweza kumkemea, maana hata sisi tusingejua tofauti.

Tofauti yenyewe ni hii. Tunapofunga picha kwenye kamera, kamera huandika alama kwamba faili hiyo ni ya kusomwa tu. Kitufe cha kufuta huiheshimu alama hiyo. Lakini "Format" haitazami picha moja moja. Huiandaa kadi upya kana kwamba imetoka dukani, na alama za ufunguo huenda pamoja na picha zake. Vijitabu vya kamera huonya juu ya jambo hili, ila ni nani kati yetu aliyewahi kukisoma kijitabu kile hadi mwisho?

Sisi wauguzi tungepaswa kulielewa hili mapema. Friji ya chanjo ina kufuli, na kufuli hilo humzuia mtu asiye na kazi nayo. Umeme ukikatika usiku kucha, kufuli halisaidii kitu.

Asubuhi tuliipeleka kadi kwa fundi wa kompyuta. Alituuliza jambo moja tu: kama kuna picha zilizopigwa baada ya kadi kusafishwa. Picha za zamani mara nyingi huwa bado zimo hata zisipoonekana, na zipo programu za kuzitafuta, lakini kila picha mpya inaweza kukalia nafasi ya ile ya zamani. Ubatizo ulikuwa na watoto wengi, na wazazi wote walitaka picha. Fundi alipata tatu. Kwa hiyo, mama, ukigundua leo kwamba picha zimefutwa, zima kamera, toa kadi, na usipige hata picha moja zaidi.

Ndipo katibu wetu akakumbuka kwamba baada ya Pasaka alinakili picha 11 nyingine kwenye kompyuta ya ofisi ya kanisa, akitaka kuchagua moja ya kalenda. Tulimshukuru Mungu. Moja kati yake ilimwonyesha mama akicheka, ila uso ulikuwa gizani kidogo. Tukaiangaza kwa programu ya picha ili iwekwe kwenye ratiba ya mazishi, na kompyuta ikakataa kuihifadhi. Ilisema faili ni ya kusomwa tu. Lile kufuli tuliloliweka sisi wenyewe siku ya Pasaka lilikuwa limesafiri pamoja na picha hadi ndani ya kompyuta.

Kulifungua kufuli la kompyuta

Wengi hukutana na tatizo hili wakadhani ni kirusi, au kwamba kompyuta imeharibika. Katika kompyuta za Windows bonyeza picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties" mwishoni mwa orodha, na chini utaona kisanduku kilichoandikwa "Read-only" chenye alama ya vema. Iondoe alama hiyo, kisha kubali. Picha zikiwa nyingi huna haja ya kufanya moja moja: ingia ndani ya folda, bonyeza Ctrl na A kwa pamoja ili zichaguliwe zote, halafu fuata njia ile ile. Ukiangalia folda yenyewe badala ya picha, kisanduku hicho huonekana kimejazwa alama ya mraba hata kama hakuna kilichofungwa, hivyo kisikutishe.

Hata baada ya kufungua, ni vyema picha uliyoitengeneza uihifadhi kwa jina lingine, ile ya asili ibaki kama ilivyopigwa. Sisi tuliiangaza mno mara ya kwanza, mama akaonekana kama amepakwa unga, tukalazimika kurudi kwenye ile ya asili.

Liko pia kufuli la tatu, nalo huwasumbua wengi. Kadi za SD zina kipande kidogo cha plastiki ubavuni kinachosukumwa juu na chini. Kikiwa chini, kadi nzima imefungwa: picha huonekana, lakini huwezi kufuta wala kupiga nyingine. Mara nyingi hushuka chenyewe kadi inapochomekwa, na tumewahi kusikia mtu akitaka kuitupa kadi nzima kwa sababu hiyo. Kipande kikivunjika, ubandike utepe mwembamba wa gundi juu ya pengo lake na kadi itafunguka. Kadi ndogo za simu hazina kipande hiki, ila kile kibebeo chake kinacho. Ikiwa kipande kiko juu na kadi bado inakataa kuandikwa, huenda inaanza kufa. Nakili kila kilichomo siku hiyo hiyo.

Siku hizi wengi wetu tunapiga picha kwa simu, na kamera zile zimelala kabatini zikiwa na kadi zake ndani: arusi, komunio, watoto wakianza darasa la kwanza. Zitoe. Nakili picha kwenye kompyuta, kisha mahali pengine pa pili, na uzifungue uone kama kweli zinaonekana. Baada ya hapo ndipo usafishe kadi ukipenda.

Zile tatu za fundi na zile 11 za katibu, jumla picha 14, tumeziweka mahali patatu: kompyuta ya ofisi, flashi aliyopewa binti, na flashi nyingine iliyomo katika bati la biskuti nyumbani kwa mweka hazina, pamoja na daftari la mahudhurio lenye mwandiko wa marehemu.