Je, Wajua? Mji mzima ndani ya kuta chache

Je, wajua kuwa filamu mashuhuri ya bunilizi ya kisayansi kutoka Afrika Mashariki ina urefu wa dakika 21 tu? Inaitwa *Pumzi*, na Mkenya Wanuri Kahiu aliitoa mwaka 2009. Mwaka uliofuata ilionyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani.

Sehemu kubwa hutokea ndani ya Maitu, mji wa kubuni uliofungwa kabisa, miaka 35 baada ya Vita vya Maji. Maitu ni "mama" kwa Kikuyu. Humo jasho na mkojo huchujwa hadi kunyweka tena, na umeme huzalishwa na watu wenyewe kwa mashine za mazoezi. Asha, mtunza makumbusho, anapata udongo wenye uhai na kupanda mbegu. Inachipua. Anakatazwa kutoka nje, anatoroka.

Ubunifu wa aina hii hauhitaji fedha nyingi: korido chache, na kompyuta huchora jangwa lililobaki. Kinachobeba uzito ni maji kidogo mkononi mwa Asha.

Mtu wa Moshi, mji ulio chini ya Mlima Kilimanjaro nchini Tanzania, huielewa upesi hofu hiyo ya kukosa maji. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 zilibaki chini ya 2. Huku mteremkoni Wachagga walichimba mifongo karne nyingi zilizopita, mifereji inayoshusha maji ya vijito hadi kwenye migomba ya vihambani, yaani mashamba ya nyumbani, kwa zamu zilizopangwa. Hadithi nzima ya filamu ingeweza kuchezwa kando ya mfongo mmoja uliokauka.