Goma: Siku ya tatu si Jumatatu, na saa 8 si saa nane

GOMA – Miaka michache iliyopita, nikiwa bado ninaanza kazi ya uandishi wa habari, nilipokea tangazo la kikao cha wazazi: « siku ya tatu, saa 8 ». Nikaliweka mtandaoni kwa Kiswahili cha vitabuni: « Jumatatu, saa nane mchana ». Kikao kilikuwa mercredi, 8h00 asubuhi. Wazazi kadhaa walitoka Majengo mpaka Himbi wakakuta mlango umefungwa. Waliponipigia simu, sikuwa na la kujitetea.

Kwetu hapa, siku ya kwanza ni lundi, siku ya posho ni samedi, na yenga ni dimanche. Huko pwani, Mombasa ama Dar es Salaam, hesabu ya juma inaanzia Jumamosi. Kwa hiyo Jumatatu yao ni siku yetu ya kwanza, na siku yetu ya tatu ni Jumatano yao. Saa nayo ina mtego wake. Aliyesoma Kifaransa akiona « saa 8 » anafikiri asubuhi. Mwenye kuhesabu Kiswahili anaisoma saa nane, yaani 14h00.

Mimi nilikosea tangazo moja. Leo magazeti madogo, mashirika na hata parokia yanaweza kutumia kurasa zinazotengenezwa mara moja na kuwekwa mtandaoni zikiwa tayari, kwa programu kama Hugo ama Jekyll. Ni nyepesi, hazili mega nyingi za msomaji, na kuziweka mtandaoni ni bei rahisi. Lakini tarehe haiandikwi na mwandishi kila mara. Inatoka kwenye kiolezo, umbo moja linalorudiwa katika kurasa zote. Kiolezo kikikosea, habari elfu moja zinakosea pamoja.

Hugo ina mtindo wake wa ajabu kidogo. Fundi hamwambii « siku, mwezi, mwaka ». Anaandika tarehe moja ya mfano, 2 Januari 2006 saa 15:04:05, kwa sura anayotaka, na programu inaiga sura hiyo. Ukiweka tarehe nyingine kama mfano, kwa kuwa unaipenda, ukurasa utatoa namba zisizoeleweka. Nimeona mafundi wakipoteza usiku mzima juu ya jambo hilo.

Ila kosa linaloumiza zaidi Goma ni la masaa. Inchi yetu ina saa mbili: Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya kimataifa, UTC, na sisi wa mashariki tuko mbele kwa masaa mawili. Kwenye orodha ya kompyuta hakuna Goma. Kuna Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi. Anayechagua Kinshasa kwa sababu ni mji mkuu anawarudisha wasomaji wake saa moja nyuma.

Na asiyechagua kitu? Hugo inachukua saa iliyoandikwa kuwa ni ya UTC. Mwandishi wa Goma akiandika habari yake saa kumi na mbili jioni, akaweka 18:00 bila kitu kingine, programu inaona ni 20:00 ya hapa. Habari hiyo bado ni ya « kesho », kwa hiyo haitolewi kabisa. Hata masaa hayo mawili yakipita haitajitokeza yenyewe; lazima kurasa zitengenezwe tena. Wengi hulaumu mtandao mbovu.

Mwaka 2021 unatukumbusha kwa nini jambo hili si mchezo wa mafundi. Nyiragongo ililipuka siku ya posho jioni, tarehe 22 Mei. Tarehe 27, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji kuhama. Watu wapata 400,000 walikimbia, wengine kuelekea Sake, wengine Rwanda, wengine kwa mashua kwenda Bukavu. Chukua tangazo lililotolewa usiku kama ule, saa sita na nusu: hapa ni tarehe 27, lakini kwa Kinshasa na kwa UTC bado ni 26. Kiolezo kibaya kitalipa tarehe ya jana, na mama aliyebeba watoto atadhani ni amri ya zamani.

Vilevile neno « leo », ama « masaa mawili yaliyopita ». Ukurasa wa namna hii haujibadilishi. Utaendelea kusema « masaa mawili yaliyopita » mpaka utengenezwe tena, na huku unazunguka kwenye WhatsApp.

Dawa si ghali. Kwenye mipangilio, weka Africa/Lubumbashi. Katika kila habari, saa imalizike na +02:00. Majina ya siku na miezi fundi ayaandike mwenyewe kwa Kiswahili kwenye faili moja, maana bila hivyo Hugo inaweza kutoa « May » katikati ya sentensi yetu. Tarehe kama 05/06 isitumike, kwani Mmarekani ataisoma tarehe tano kuwa mwezi wa tano.

Kwa msomaji, tangazo lile la wazazi ningeliandika hivi leo: « Siku ya tatu (mercredi), saa mbili asubuhi, 8h00 ya Goma », pamoja na tarehe, mwezi na mwaka. Ni refu, ndiyo.