Bangili Zisiuzwe kwa Ajili ya Uzamivu

Juma lililopita, baada ya swala ya Isha, mama mmoja alitujia pamoja na bintiye. Binti amemaliza shahada ya uzamili katika fizikia, na mwalimu wake amemhimiza aendelee hadi uzamivu. Mama alikwisha kuuza bangili zake kwa ajili ya shahada ya kwanza. "Sheikh," akasema, "sasa nimebakiwa na nini cha kuuza?"

Swali hilo tumelisikia mara nyingi. Wazazi hudhani kwamba kadiri elimu inavyopanda ndivyo karo inavyopanda. Katika fizikia, uhandisi na kompyuta, aghalabu huwa kinyume. Mtafiti wa uzamivu ni mtenda kazi katika maabara: ndiye apimaye, ndiye aandikaye programu, ndiye akeshaye na mitambo, na matokeo yake humpa sifa profesa na chuo pia. Kwa hiyo hulipwa. Nchini Ujerumani, wengi wa watafiti wa fani hizi huajiriwa kwa mkataba na kupokea mshahara.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mfalme Abdullah, kilichofunguliwa mwaka 2009 huko Thuwal, kaskazini mwa Jeddah, ufuoni mwa Bahari ya Shamu. Kimewapokea wanawake tangu kilipofunguliwa. Anayekubaliwa kwa uzamivu hulipiwa karo yote, hupewa posho ya kila mwezi, makazi na bima ya matibabu. Masomo ni kwa Kiingereza.

Hutakiwa nakala za matokeo, barua za walimu wanaomjua mwombaji, na maelezo yake mwenyewe ya utafiti autakao. Hapa ndipo vijana wetu huteleza: hujisifu kwa ujumla, ilhali profesa ataka kujua ni swali gani hasa wanalotaka kulijibu. Binti asome kwanza makala za profesa huyo, kisha amwandikie kwa ufupi. Na dalali adaiye ada ili "akutafutie nafasi" afungiwe mlango. Maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja.

Kuhusu safari ya mwanamke bila maharimu, maulamaa wametofautiana: wako waikatazao, na wako wairuhusuo njia ikiwa na amani. Familia ikae na sheikh wake kabla ya maombi, si baada ya kukubaliwa. Nasi masheikh tujitazame. Juu ya mimbari twajifaharisha na Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeeleza jinsi jicho lionavyo; kisha binti wa fizikia akija kutaka shauri, twamwuliza ataolewa lini.

Mama alibakiwa na swali moja: kutoka Thuwal hadi Makka ni mbali? Tukamwambia ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Akamtazama bintiye, akasema, "Babako mwambie wewe."