Wevi wa Masini na wa Simu

Mwaka jana mwalimu mmoja wa masomo ya msingi, tunayemfahamu vizuri, alipoteza kwa dakika chache minervali ya watoto 31. Wazazi walikuwa wamemtumia feza kwa njia ya simu, naye alitaka kuzipeleka kwa mkubwa wa masomo siku ya kwanza. Basi siku ya posho, saa moja ya jioni, mtu akampigia simu. Sauti yake ilikuwa ya heshima, na jina la mwalimu alilijua. Akasema: «Mwalimu, hapa ni kwenye kompani ya simu. Tunaandika upya majina ya watu wetu, na numero yako itafungwa leo usiku. Finya hesabu nitakazokutajia, ndipo itaokoka.» Mwalimu akafinya hesabu moja nyuma ya nyingine, na mwisho akafinya kode yake ya siri. Kumbe alikuwa akituma feza zake kwa mkono wake mwenyewe.

Alinyamaza majuma matatu. Akauza mbuzi wawili, akakopa kwa shemeji yake, na bibi yake hakuambiwa neno.

Habari ilipojulikana, wengi walicheka: «Mwalimu mzima!» Sisi hatukucheka, maana mmoja wetu, mwenye digrii kupita mwalimu yule, alikwisha kufinya hesabu tatu za kwanza siku nyingine, na ni umeme uliokatika ndio uliomwokoa. Tunaona afazali kueleza wevi hawa walitoka wapi, na kwa sababu gani wameongezeka hivi.

Diskete za mwaka 1989

Watu wengi wanazani ya kuwa wizi huu ni kitu cha jana. Sivyo. Katika mwezi wa 12 wa mwaka 1989, bahasha karibu 20.000 zilitumwa kwa posta toka London mpaka inchi nyingi. Ndani ya kila bahasha mlikuwa diskete. Vijana wetu hawaijui tena: ilikuwa kitu chembamba cha plastiki, kama kiganja cha mkono, nayo ilitumika kama kle ya USB inavyotumika leo. Juu yake iliandikwa ya kuwa inaleta mafundisho juu ya ugonjwa wa sida. Waliopata bahasha ni wasomaji wa gazeti moja la mambo ya kompyuta, pamoja na watu waliohuzuria mkutano wa Shirika la Afya la Dunia juu ya ugonjwa ule. Nani angeitupa? Wakati ule dunia nzima ilikuwa ikitetemeka kwa sababu ya sida.

Mwenye kuitia katika masini yake aliulizwa maswali juu ya maisha yake, akajibu, na masini ikamwambia hatari yake ni kubwa ao ndogo. Kazi hiyo ilifanywa kweli. Lakini programu nyingine ilijificha nyuma, nayo ilihesabu mara ngapi masini inawashwa. Ilipofika karibu mara 90, majina ya kazi zote zilizochungwa ndani yakageuka maandiko yasiyosomeka, na karatasi ya deni ikatoka: dolari 189, zitumwe katika sanduku la posta kule Panama.

Aliyeshitakiwa alikuwa Joseph Popp, Mmarekani, mjuzi wa mambo ya nyama, aliyesoma katika universite ya Harvard na kuchunguza nyani katika Afrika ya mashariki. Alikamatwa mwaka 1990, akapelekwa Uingereza, lakini mwaka 1991 waamuzi waliona ya kuwa akili yake haiwezi kusimama mbele ya hukumu. Yeye alisema alitaka kuzitoa feza zile kwa kuchunguza ugonjwa wa sida.

Wenye ujuzi walipoifungua diskete waliona ya kuwa kufuli lake ni zaifu. Kazi za watu hazikuguswa. Majina tu yalichafuliwa. Wakatengeneza programu ya kuyarudisha. Lakini wengine hawakungojea: kwa woga walifuta vyote vilivyokuwa katika masini, wakapoteza kazi ya miaka mingi. Woga wao uliwaletea hasara kupita mwizi mwenyewe. Maneno haya tutayarudilia mbele kidogo, maana yanatokea na kwetu.

Tuangalie sasa sababu gani Popp hakupata faida. Kwanza, alinunua diskete na timbre za kutosha watu 20.000: garama kubwa. Pili, ufunguo wa kufuli lake alikuwa ameuacha ndani ya diskete yenyewe, ni kusema mwenye akili aliweza kuutafuta na kuuona. Tatu, alihitaji sanduku la posta, na mwenye sanduku la posta anaweza kungojewa na polisi. Nyuma yake mambo hayo matatu yamelegea moja moja, na hapo ndipo wizi ulipoongezeka.

Barua ya mapenzi

Garama ya kuwafikia watu ilikwisha na intaneti. Tarehe 4 ya mwezi wa 5 mwaka 2000, watu wa Asia, halafu wa Ulaya, halafu wa Marekani, kwa kufuata jua linavyopanda, walipokea barua katika masini zao. Kichwa chake kilisema kwa Kiingereza: Ninakupenda. Pamoja nayo ilifungwa karatasi nyingine yenye jina la barua ya mapenzi. Jina lilionekana kama la maandiko matupu, kwani masini nyingi zilikuwa na desturi ya kuficha herufi tatu za mwisho, na ndizo zingalionyesha ya kuwa hiyo si karatasi bali programu. Aliyeifungua, programu ikaharibu picha zake na kazi nyingine, kisha ikachukua majina yote ya marafiki waliokuwa katika kitabu chake cha anwani, ikawatumia barua ileile kwa jina lake.

Tunaomba wasomaji waliangalie sana jambo hili la mwisho. Barua haikutoka kwa mgeni. Ilitoka kwa mkubwa wa kazi, kwa dada, kwa rafiki wa zamani. Kwa sababu hii mamilioni ya masini yalishikwa, hata Bunge la Uingereza lilifunga barua zake za masini siku ile.

Njia ilifuatwa mpaka Manila, katika Ufilipino, kwa mwanafunzi mmoja jina lake Onel de Guzman. Lakini inchi yake haikuwa na sheria ya kuazibu kitendo kile, na mashitaka yakaachwa. Sheria ilitiwa sahihi katika mwezi wa 6 wa mwaka ule, ikawa imechelewa, maana sheria hairudi nyuma. Mwaka 2020 ilitangazwa ya kuwa alimkubalia mwandishi mmoja wa habari ya kuwa ni yeye kweli. Mwanzo alitaka kuiba tu maneno ya siri ya watu, apate intaneti bila kulipa, kwa kuwa alikuwa maskini.

Juu ya kufuli: mwaka 1996 wajuzi wawili, Adam Young na Moti Yung, walionyesha katika maandiko yao ya kuwa mwizi anaweza kutumia funguo mbili. Fikiri kufuli ambalo kila mtu anaweza kulifunga kwa kulisukuma, lakini ufunguo wa kulifungua unakaa mfukoni mwa mwizi, mbali kabisa. Ukivunjavunja programu yake yote, ufunguo hauumo. Waliandika hivi kwa kuonya. Na juu ya sanduku la posta: toka mwaka 2009 kuna feza za intaneti zinazoitwa bitcoin, ambazo zinahama toka mkono mpaka mkono bila banki kuuliza jina.

Tarehe 12 ya mwezi wa 5 mwaka 2017 mambo yote matatu yalikutana. Programu moja, WannaCry, ilipita yenyewe toka masini mpaka masini, bila mtu kufungua barua yoyote, ikafunga masini kupita 200.000 katika inchi karibu 150, ikaomba dolari 300 kwa kila moja. Katika Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa nyumbani. Karibu miadi 19.000 ya kuonana na waganga ilivunjwa. Kosa lililoiachia njia lilikuwa limekwisha kutengenezwa na Microsoft miezi miwili mbele yake, bila malipo. Walioshikwa ni wale ambao masini zao hazikupokea dawa ile. Na wengi waliolipa hawakurudishiwa kitu.

Kwetu

Hapo mtu atauliza: «Mimi sina masini, mambo haya yananihusu nini?» Yanamhusu. Simu yake ni masini ya kompyuta, hata kama ameinunua sokoni kwa bei ndogo. Nayo ni banki yake vilevile.

Kuna mesaje ya uongo. Unasoma: «Umepokea dolari 50.» Nyuma ya dakika mbili mtu anapiga simu akilia: «Mama, nilikosea numero, ni feza za dawa ya mtoto, unirudishie.» Mesaje ile imetoka katika numero ya mtu wa kawaida, naye ameiandika mwenyewe kwa kuiga maneno ya kompani. Usiihesabu feza kwa kusoma mesaje. Angalia wewe mwenyewe feza zako katika simu, kwa njia unayoitumia kila siku. Kama hazikuongezeka, hakuna cha kurudisha. Na kama zimeongezeka kweli? Usitume kitu wewe. Mwambie akaeleze kosa lake kwenye kompani, nayo itazirudisha.

Kuna mesaje ya hesabu 6. Mwizi anaandika numero yako katika simu yake ili achukue WhatsApp yako. Desturi yake, WhatsApp inatuma hesabu 6 katika simu yako kwa kuhakikisha ni wewe. Mwizi, kwa jina la rafiki yako ambaye amekwisha kuibiwa, anakuambia: «Hesabu zangu zimefika kwako kwa kukosea, unitumie.» Ukizituma, jina lako ni lake. Jioni hiyo ndugu zako wote wataombwa feza za hospitali, kwa jina lako na kwa picha yako. Ni barua ya mapenzi ileile ya mwaka 2000. Lakini ndani ya WhatsApp yenyewe unaweza kuweka kode yako ya pili: fungua pahali pa kuitengeneza, upande wa konti, utaiona. Kazi ya dakika mbili.

Na majina ya mapadri na ya maaskofu yanatumiwa vilevile. Picha inachukuliwa katika intaneti, konti inafunguliwa, na wakristu wanaombwa msaada kwa yatima. Mtu akipokea maombi ya namna hii, aachie hapo maandiko na apige simu kwa numero aliyokuwa nayo toka zamani, ao aende kwa miguu. Padri wa kweli hatakasirika kwa kuulizwa.

Sasa juu ya wenye masini, zaidi wanafunzi wetu wanaoandika kazi zao za mwisho. Wanapeleka kle ya USB kwenye sekretaria ya mjini ili watoe karatasi, na masini zile zimepokea kle za mji mzima. Mara nyingi kle inarudi, na kazi zote zimegeuka alama ndogo zisizofunguka. Kijana anashituka, anafuta yote. Asifute! Mara nyingi virusi wa namna hii anaficha tu kazi, hakuziharibu, kama diskete ya mwaka 1989. Apeleke kle kwa mjuzi mbele ya kuigusa. Na kazi ya mwaka mzima sherti ikae pahali pawili: nakala moja katika masini, nyingine katika kle isiyotoka nyumbani wala kuachwa ikichomekwa. Tena tunasema wazi: Windows ya kuiba, ile inayouzwa bei ya chupa ya pombe, mara nyingi inakosa dawa za Microsoft. Garama yake inakuja nyuma.

Inchi yetu ina sheria. Kode ya mambo ya numeriki, iliyotangazwa tarehe 13 ya mwezi wa 3 mwaka 2023, inaazibu wizi na uongo unaofanywa kwa njia ya masini. Lakini sheria inahitaji mashitaka, na mashitaka yanahitaji alama. Aliyeibiwa asifute mesaje. Aandike numero ya mwizi, saa na hesabu ya feza, apigie kompani saa ileile, maana feza zisizotolewa bado kwenye kabine zinaweza kuzuiwa. Halafu aende kwa polisi.

Mwalimu wetu alikwenda nyuma ya majuma matatu. Mesaje alikuwa amezifuta kwa haya, bibi yake asizione. Kwenye kompani walimwambia ya kuwa feza zilitolewa siku ileile ya posho, dakika 9 nyuma ya simu, katika mji mwingine.