Fahamu: Kwa nini kifo cha Mahsa Amini kiliitikisa Iran

Mahsa Amini, Mkurdi wa miaka 22 kutoka Saqqez, alikuwa ziarani Tehran na ndugu zake. Septemba 13, 2022 polisi wa maadili walimkamata wakidai hakujistiri ipasavyo. Siku tatu baadaye alifia hospitalini. Serikali ilisingizia maradhi ya zamani. Familia ikakana katakata. Mwaka 2024 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihitimisha kuwa kifo chake kilitokana na ukatili aliofanyiwa akiwa mikononi mwa polisi.

Kwenye mazishi yake, wanawake walivua hijabu na kuzipunga juu. Msiba ukageuka maandamano, na kaulimbiu ya Wakurdi, "Mwanamke, maisha, uhuru", ikaenea nchi nzima. Kwa nini yeye? Hakuwa mwanaharakati. Kila mwanamke aliyewahi kusimamishwa njiani kwa sababu ya kitambaa alijiona ndani yake. Kila mzazi alimwona bintiye.

Dola ilijibu kwa risasi, na mamia wakauawa. Waandishi Niloofar Hamedi na Elaheh Mohammadi, walioripoti habari za Mahsa, walifungwa jela. Sheria ya hijabu bado ipo, lakini wanawake wengi wa Tehran sasa hutembea vichwa wazi.