Miguu Mitatu Mchana Kweupe

Watu wengi hudhani kwamba kiweko cha kamera chenye miguu mitatu ni chombo cha usiku. Msitu wa Amani, katika milima ya Usambara, huikanusha dhana hiyo saa sita mchana. Humo, juu ya miamba yenye kivuli, huota Saintpaulia, ua dogo la rangi ya urujuani ambalo aina zake wataalamu wa mimea wamezoea kuzitofautisha kwa vinyweleo vya majani. Picha isiyoonyesha vinyweleo hivyo ni pambo tu.

Ili jani zima lionekane dhahiri, tundu la lenzi hupunguzwa, tuseme hadi f/16. Juani, kamera ikiwa katika kipimo cha ISO 100, sehemu moja ya mia ya sekunde hutosha. Chini ya miti mikubwa huenda ikahitajika sekunde nzima, na hakuna mkono utuliao muda huo. Tundu likipanuliwa, ncha ya jani huonekana lakini kikonyo hufifia. Kwa hiyo kamera hufungwa juu ya kiweko, kisha huachwa ijifyatue yenyewe baada ya sekunde chache, maana hata kidole huitikisa. Upepo, bila shaka, hauzuiliwi na kiweko. Mpiga picha hungoja.