Mtafiti wa Mbegu Hupikwa Wapi?

Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tuliishia pale mbegu mpya inapopata cheti na kuingia dukani. Leo tumtazame aliyeitengeneza: alisoma wapi, analipwa na nani, na kazi yake hasa ni ipi. Nitaanzia Amani, kule juu kwenye milima ya Usambara Mashariki, maana kisa cha mihogo ya Amani kinaieleza kazi hii kuliko kipeperushi cha chuo chochote.

Miaka ya 1930 ugonjwa wa batobato ulikuwa ukiiangamiza mihogo ya Afrika Mashariki. Kituo cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kisha kikaangukia mikononi mwa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Hapo watafiti H. H. Storey na R. F. W. Nichols walikusanya mihogo ya kila asili, wakaipima, wasipate uliostahimili vya kutosha. Wakageukia jamaa za mhogo, hasa ule mti ulioletwa kutoka Brazil kwa ajili ya utomvu wa mpira, ambao majani yake watu wa pwani wanayapika mpaka leo kwa jina la kisamvu cha mpira. Mti huo uliuhimili ugonjwa, ila mizizi yake haifai kuliwa. Wakauchanganya na mhogo. Watoto waliozaliwa walikuwa wagumu kwa batobato lakini mizizi yao ilikuwa ovyo, basi wakachavushwa tena na mhogo, na uzao wao ukachavushwa tena, kila mara ikibakizwa mimea michache yenye afya na yenye mzizi wa maana. Nichols hakuimaliza kazi hiyo. D. L. Jennings aliipokea na kuiendeleza hadi miaka ya 1950.

Mbegu zikasafiri. Nyingine zilifika Nigeria, na huko ukachaguliwa mmea mmoja uliopewa namba tu, 58308. Taasisi ya IITA ya Ibadan iliutumia kama mzazi, na mihogo ya jamii ya TMS iliyotokana nao ikaenea katika nchi nyingi za Afrika. Huku kwetu, mhogo unaoitwa Namikonga Tanzania na ule unaoitwa Kaleso Kenya ilipimwa vinasaba ikaonekana kuwa ni kitu kimoja, uzao wa Amani. Siku hizi watafiti wanautumia Namikonga kama mzazi katika mapambano na michirizi kahawia, ugonjwa unaoozesha mizizi ardhini huku shina likionekana zima.

Hesabu ya miaka ndiyo inayowatoa jasho vijana wanaotaka kuingia kwenye fani hii. Chukua maharage, zao jepesi kwa kuwa linajichavusha lenyewe. Mtafiti analifungua ua kwa koleo ndogo kabla halijachanua, anaondoa vifuko vya chavua, kisha anapaka chavua ya mzazi mwingine. Kizazi cha kwanza kinafanana chote. Cha pili kinatawanyika: rangi zake, urefu wake, siku za kuiva, hata muda wa kuiva jikoni. Kuanzia hapo ni kupanda na kuchagua kwa vizazi vitano au sita mpaka sifa zitulie. Yanafuata majaribio ya kituoni, kisha ya mashamba ya wakulima katika kanda mbalimbali, kisha ukaguzi wa TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu Tanzania, unaothibitisha kwamba aina hiyo ni tofauti na zilizopo, kwamba mimea yake inalingana, na kwamba haibadiliki msimu hadi msimu. Mambo yakienda vizuri, miaka minane hadi kumi imepita.

Sasa linganisha. Shahada ya uzamili ni miaka miwili. Mradi wa mfadhili ni mitatu, ukiwa na bahati mitano. Mwanafunzi hawezi kutoa mbegu kwa tasnifu yake, maana anapokea kizazi cha nne kutoka kwa aliyemtangulia na kumwachia cha sita anayemfuata. Ndiyo maana mzazi akiniuliza chuo kipi ni bora, namwambia aache kwanza jina la chuo, aulizie kama pana mwalimu aliyekaa na zao moja miaka 20, na kama mimea yake bado iko shambani. Pasipo hivyo, hata maabara iwe inang'aa vipi, mwanafunzi hana cha kurithi.

Kwa muda mrefu Mwafrika aliyetaka shahada ya uzamivu alikwenda ng'ambo. Cornell, Purdue na Iowa State za Marekani, pamoja na Wageningen ya Uholanzi, bado ni majina makubwa, na yanastahili. Ila wengi walifanya utafiti kwenye mazao ya huko, wakarudi nyumbani kukuta kunde na uwele, na bajeti ya kituo imekauka. Wengine hawakurudi kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kiligeuza mpango huo. Kupitia kituo chake cha ACCI kilichopo Pietermaritzburg, na kwa fedha za mwanzo za Rockefeller Foundation, mwanafunzi anasoma darasani miaka miwili, kisha anarudi nchini kwake kufanya utafiti miaka mitatu kwenye zao la wakulima wake mwenyewe. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Ghana kilianzisha WACCI chini ya Profesa Eric Danquah, kikishirikiana na Cornell, na mwaka 2022 Danquah alipata Tuzo ya Chakula ya Afrika. Makerere nayo ina kituo cha MaRCCI, kinachofundisha uzamili na uzamivu huku mtama na kunde vikiwa mazao yake makuu. Hapa nyumbani Tanzania, chuo cha kilimo cha SUA, Morogoro, kimetoa maharage ya SUA 90, Rojo, Pesa na Mshindi. Uthibitisho wa namna hiyo nauthamini kuliko orodha ya kozi.

Kazi yenyewe haimtaki mtu wa fani moja. Gebisa Ejeta wa Ethiopia, aliyesoma Purdue, alikwenda Sudan akiwa na kituo cha kimataifa cha utafiti cha ICRISAT, na mwaka 1983 ikatoka Hageen Dura-1, mtama chotara aliouandaa kwa mazingira ya huko. Baadaye aligeukia kiduha. Mbegu ya gugu hilo ni ndogo kama vumbi na hukaa ardhini miaka mingi bila kuota. Huamka pale tu inaponusa kemikali zinazotoka kwenye mizizi ya mtama au mahindi. Ejeta alishirikiana na wataalamu wa kemia, wakatafuta mitama inayotoa kemikali hizo kidogo sana, na kutokana nayo akapata aina ambazo kiduha hakishtuki zikiwa jirani. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Robert Mwanga wa Uganda, aliyekaa miaka mingi na viazi vitamu pale Namulonge, alikuwa mmoja wa wanne walioipata mwaka 2016 kwa kazi ya viazi lishe na mazao mengine yaliyoongezewa virutubisho.

Kwa hiyo tahasusi za PCB, CBG na CBA zote zinafaa, lakini wale wanaolitoroka somo la hisabati wajue takwimu zinawasubiri mbele. Sehemu kubwa ya kazi ni kujua kama mmea umezaa sana kwa sababu ya damu yake au kwa sababu uliangukia palipokuwa na kichuguu. Asiyeweza kutenganisha hayo mawili atachagua kichuguu.

Kujisomea hakuna kisingizio tena. Iowa State imeweka wazi vitabu vyake vya ugunduzi wa mbegu na takwimu, bure kwa yeyote mwenye intaneti, na vilitokana na mradi ulioshirikisha Makerere, KwaZulu-Natal na chuo cha Kumasi, Ghana. Hifadhidata ya Cassavabase inaonyesha majaribio ya mihogo ya nchi mbalimbali, na Genesys inakuonyesha benki gani ya mbegu duniani imetunza nini. Walio kazini tayari wana African Plant Breeding Academy iliyofunguliwa Nairobi mwaka 2013 chini ya Chuo Kikuu cha California, Davis, ikilenga mazao yaliyosahauliwa na wakubwa. Na mahindi yamepata njia ya mkato: pale Kiboko, Kenya, shirika la utafiti la serikali, KALRO, na taasisi ya kimataifa ya CIMMYT wana kituo kinachotoa koo safi kwa misimu miwili au mitatu badala ya sita au zaidi.

Ajira zipo za namna tatu. Serikali, yaani TARI, KALRO, NARO na wenzao, ndiko wengi wanakoanzia. Vituo vya kimataifa kama IITA na CIMMYT hulipa vizuri zaidi, ila mkataba hufuata mradi. Kampuni za mbegu huajiri kwa mahindi chotara na mboga, maana hapo mkulima hurudi dukani kila msimu. Rijk Zwaan ya Uholanzi, kwa mfano, ina kituo Arusha kinachoshughulikia mboga za Afrika.

Mhogo haumo kwenye hesabu hizo za kampuni. Pingili unaomba kwa jirani, unapanda, na mwaka ujao jirani mwingine anakuomba wewe. Hakuna wa kumuuzia mara ya pili. Anayetaka kuirithi kazi ya Amani atalipwa na umma au hatalipwa kabisa, na bajeti ya umma hupangwa kwa mwaka mmoja mmoja.

Wiki ijayo tutaisoma Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Aina Mpya za Mbegu ya mwaka 2012: inampa nini mtafiti, inampa nini mwajiri wake, na mkulima anayebakiza mbegu ghalani amewekwa upande gani.